Mrija wa paani unapima nini? Mvuke, Ziwa Victoria na mvua ya Muleba

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa jiografia katika sekondari moja wilayani Muleba, karibu na Ziwa Victoria. Hivi karibuni walikuja watafiti wakafunga mrija juu ya paa la maabara yetu. Unavuta hewa usiku na mchana. Wakatuachia na chupa za kukingia mvua. Walisema wanapima isotopu za mvuke ili wajue mvua yetu inatoka wapi. Tangu siku hiyo mtaani hakukaliki. Wapo wanaosema isotopu ni mionzi, na kwamba maji mazito ni ya kutengenezea mabomu. Mama mmoja amemkataza mwanawe kunywa maji ya tangi la shule. Wanafunzi nao wananibana: mvuke hauonekani, mtu atajuaje huu umetoka ziwani na ule umetoka baharini? Na je, vipimo hivi vinaweza kuthibitisha kwamba tukipanda miti mvua itaongezeka, kama tunavyoambiwa mikutanoni? Mwisho, tuna kisima mita kama mia mbili kutoka ufukweni, na tunabishana kila siku kama maji yake ni ya ziwa au ya mvua. Naomba unieleze taratibu, nami nikawaeleze wenzangu."

Marahaba, mwalimu. Nianze na maji ya tangi, maana hapo pana mtoto mwenye kiu. Ule mrija hautii kitu majini wala hewani. Unavuta hewa, mashine inaimulika, halafu hewa ileile inatoka upande wa pili. Chupa za mvua nazo ni chupa tu. Mwambie yule mama mwanawe anywe, kwa sharti lilelile mlilokuwa nalo kabla watafiti hawajafika: maji yawe yamechemshwa au yametiwa dawa.

Hofu yenyewe siicheki. Wengi wetu tumezisikia isotopu zikitajwa pamoja na vinu vya nyuklia, na mtu akifunga mtambo juu ya shule bila kuita kikao cha wazazi, watu watajaza wenyewe yale ambayo hakuyasema. Lawama hiyo ni ya watafiti zaidi kuliko wanakijiji.

Isotopu ni atomi za elementi moja zinazozidiana uzito, kwa sababu viini vya baadhi yake vina nyutroni nyingi zaidi. Zipo isotopu zisizotulia: kiini huvunjika chenyewe na kutoa mionzi. Zipo pia zilizotulia, ambazo hazivunjiki hata zikikaa miaka milioni. Zinazopimwa juu ya paa lenu ni hizi zilizotulia: dyuteriamu, yaani haidrojeni yenye nyutroni moja ambayo haidrojeni ya kawaida haina, na oksijeni-18, iliyoizidi oksijeni-16 kwa nyutroni mbili. Hakuna aliyezimwaga. Dyuteriamu ilikuwamo majini siku zote. Harold Urey wa Marekani aliigundua tu, mwaka 1931, na miaka mitatu baadaye akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Ukichota lita moja kwenye tangi lenu, ndani yake mna takriban gramu 2 za maji yenye oksijeni-18 na kama theluthi moja ya gramu ya maji yenye dyuteriamu. Chota ziwani, kinga mvua, pasua dafu: viwango ni karibu vilevile, vinapishana kidogo sana, na kazi yetu yote imo katika kupishana huko. Wewe mwenyewe mwilini una makumi ya gramu za maji yenye oksijeni-18 wakati unasoma hapa. Maji mazito yanayotajwa kwenye habari za nyuklia ni maji yaliyochakatwa kiwandani mpaka karibu haidrojeni yake yote ikawa dyuteriamu. Huwezi kuyapata kwa kuweka mrija paani, kama usivyoweza kupata gunia la chumvi kwa kulamba jasho.

Kiungo cha kweli kati ya fani yetu na mabomu kipo kimoja, na afadhali ukijue kabla hujaulizwa. Majaribio ya mabomu ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 yalirusha angani tritiamu, haidrojeni yenye nyutroni mbili. Hiyo ndiyo yenye mionzi, na hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 na kitu. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lililoko Vienna, likishirikiana na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, lilianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtandao wa vituo vya kukusanya mvua ili kuifuatilia. Entebbe na Dar es Salaam ni miongoni mwa vituo hivyo. Chupa zilezile zikapimwa pia isotopu tulivu, na hizo ndizo zilizokuja kuwa hazina kubwa. Kwa hiyo mtu akikuambia kazi hii ina mkono wa shirika la atomiki, mjibu kwamba ni kweli na umweleze sababu. Asiporidhika, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ina wataalamu wenye vipima mionzi. Uongozi wa shule unaweza kuwaandikia waje kupima mbele ya wazazi, na jambo hilo litaisha.

Sasa swali la wanafunzi, ambalo ndilo zuri zaidi.

Molekuli ya maji iliyobeba atomi nzito ni mzembe wa kuruka na mwepesi wa kutua. Maji yanapogeuka mvuke, molekuli nyepesi hutangulia. Mvuke unapogeuka matone, nzito ndizo zinazotangulia. Kwenye joto la nyuzi 25, mvuke uliokaa kwa utulivu juu ya maji una upungufu wa oksijeni-18 kama 9 katika kila elfu ukilinganisha na maji yenyewe, na upungufu wa dyuteriamu wa zaidi ya 70 katika kila elfu. Kipimo chetu huanzia kwenye maji ya bahari, ambayo tumeyapa sifuri. Maji yaliyo mepesi kuliko bahari hupewa namba hasi, yaliyo mazito zaidi hupewa namba chanya, zote kwa elfu.

Wape wanafunzi mfano wa lori la ndizi linalotoka Kagera kwenda mbali. Kila linaposimama, wateja wanashusha kwanza mikungu mikubwa. Kufika kituo cha tano, kilichobaki ni vikungu vidogo, na mtu akiona shehena hiyo anajua lori limetoka mbali na limeuza njiani. Mvuke uliotoka Bahari ya Hindi huwa hivyo. Kila wingu likinyesha njiani linashusha zaidi molekuli nzito, na mvuke unaobaki unazidi kuwa mwepesi. Kupanda mlima kuna matokeo hayohayo: kila mita 100, oksijeni-18 katika mvua hushuka kati ya 0.15 na 0.5 kwa elfu. Ndiyo maana mtu anaweza kuchota chemchemi chini ya Kilimanjaro na kukadiria mvua iliyoilisha ilinyesha kwenye mwinuko gani.

Lakini lori likiwa njiani linaweza kupakia tena, na hapa ndipo habari ya Muleba inapoanza.

Ziwa Victoria lina eneo la karibu kilomita za mraba 68,800. Sehemu kubwa ya maji yake huingia kwa mvua inayonyesha juu yake moja kwa moja, na sehemu kubwa hutoka kwa kugeuka mvuke. Yanayobaki ndiyo yanayotoka Jinja kwa mto Nile. Jua limekuwa likichukua molekuli nyepesi kwa muda mrefu na kuacha nzito. Matokeo yake huwashangaza wengi: maji ya Ziwa Victoria, ingawa ni matamu, ni mazito kiisotopu kuliko ya Bahari ya Hindi. Oksijeni-18 yake iko juu ya sifuri kwa zaidi ya 3 kwa elfu, wakati mvua inayoanguka pembezoni mwake kwa wastani iko chini ya sifuri. Mvuke unaotoka kwenye maji mazito namna hiyo nao ni mzito kuliko mvuke uliosafiri kutoka pwani. Hiyo ni alama ya kwanza.

Alama ya pili inatokana na kulinganisha isotopu zote mbili kwa pamoja. Mwaka 1961 Harmon Craig wa Marekani alichora kwenye grafu maji kutoka pande nyingi za dunia, akaona mengi yanajipanga kwenye mstari mmoja: dyuteriamu ni sawa na oksijeni-18 mara 8, jumlisha 10. Miongoni mwa yaliyotoka nje ya mstari, upande wa juu wa grafu, yalikuwa maji ya mito na maziwa ya Afrika Mashariki, kwa sababu hiyohiyo ya kukaushwa na jua. Miaka mitatu baadaye Willi Dansgaard wa Denmark akatoa hesabu ambayo wanafunzi wako wanaweza kuifanya ubaoni. Chukua dyuteriamu, toa oksijeni-18 mara 8. Jibu huitwa ziada ya dyuteriamu. Tuseme mvua ina oksijeni-18 ya −3 na dyuteriamu ya −12. Ziada yake ni 12. Tuseme maji ya ziwa yana +3.5 na +25. Ziada yake ni −3. Namba hizi ni za mazoezi, ila mwelekeo wake ndio ulivyo.

Ziada hiyo inatoka wapi? Hewa iliyo juu ya maji ikiwa kavu, molekuli zinakimbilia juu haraka na hakuna nafasi ya kurudi na kusawazika. Katika mbio hizo, molekuli yenye dyuteriamu ina uzito wa 19 na yenye oksijeni-18 ina uzito wa 20, basi ya 19 inaitangulia kidogo ya 20. Mvuke unaondoka na dyuteriamu ya ziada, na maji yanayobaki yanapungukiwa. Ziwa lililokaushwa kwa muda mrefu lina ziada ndogo au hasi. Mvuke wake una ziada kubwa. Kilichopungua huku kimekwenda kule.

Mimea nayo ina tabia yake. Mzizi wa mgomba, kwa kawaida, hunyonya maji bila kuchagua mazito na mepesi. Jani linapopumua, molekuli nyepesi hutangulia kutoka kama kawaida, lakini jani ni dogo. Nzito zinajikusanya ndani yake mpaka kufikia hali ambayo kinachotoka ni sawa na kilichoingia. Kwa hiyo mvuke wa shamba la migomba na kahawa una sura ya maji ya udongo, yaani mvua iliyonyesha. Ni mzito kuliko mvuke wa bahari, karibu na ule wa ziwa, ila ziada yake ya dyuteriamu haijapanda kama ya ziwa. Bahari, ziwa na majani: mvuke wa aina tatu, na namba mbili za kuutofautisha. Hiyo ndiyo hesabu inayofanywa na ile mashine.

Mwalimu, kama ningeishia hapo ningekuwa nimekudanganya kwa kurahisisha. Namba zinaingiliana. Mvua kubwa ikinyesha, hewa baridi kutoka juu inashuka pamoja nayo na matone hukauka kwa sehemu kabla ya kufika chini, na mvuke unaobaki karibu na ardhi huwa mwepesi sana. Mtu asiyejua ataona namba hiyo na kusema "huu umetoka mbali baharini", kumbe ni dhoruba ya jana usiku. Mchana nako, jua likiwaka, hewa kavu ya juu huchanganyika na ya chini na ziada ya dyuteriamu hupanda. Saa hizohizo ndipo upepo wa ziwani unapovuma kuja nchi kavu, nao unapandisha ziada. Ukiona namba imepanda saa nane mchana, ni ziwa au ni hewa ya juu? Mashine peke yake haisemi. Inabidi uweke pembeni yake mwelekeo wa upepo, unyevu wa hewa, maji ya ziwa yaliyopimwa, na maji ya udongo na ya shina la mgomba.

Kwa hiyo mtu akikuonyesha chupa moja ya mvua na kukuambia asilimia kamili iliyotoka ziwani, mkaribishe chai na usiamini. Mwaka mzima wa vipimo unaweza kutoa kadirio lenye kingo zake, yaani kuanzia kiasi hiki mpaka kile, na kingo hizo zinaweza kuwa pana.

Hata hivyo, Muleba ni mahali pazuri kwa swali hili, na naelewa kwa nini walikuja kwenu. Usiku upepo unatoka nchi kavu pande zote na kukutana katikati ya ziwa, na dhoruba zinainuka huko. Upepo wa mashariki unazisukuma kuelekea upande wenu, nanyi mnaamka na mvua ya alfajiri. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Mwanza, ng'ambo ya pili, kama nusu ya hizo. Hakuna anayebisha kwamba ziwa lina mkono katika mvua yenu. Swali ni mkono huo ni wa namna gani: je, ziwa linatoa maji yenyewe, au linatoa joto na upepo unaoyabana maji ya Bahari ya Hindi yaanguke hapo? Kipimamvua hakiwezi kutenganisha mambo hayo mawili. Isotopu zinaweza kuonja tofauti hiyo.

Na kwa nini mvuke, wakati mvua tumeikusanya tangu miaka ya 1960? Zamani kupima mvuke kulikuwa adha. Hewa ilipitishwa kwenye bomba la kioo lililozamishwa ndani ya alkoholi na barafu ya kabonidioksidi, nyuzi 70 na zaidi chini ya sifuri, ili mvuke ugande. Ungekaa saa kadhaa kupata matone machache, na kama sehemu ya mvuke iliponyoka bila kuganda, sampuli imeharibika, kwa kuwa zilizoganda kwanza ni zile nzito. Halafu ndipo uipeleke maabara nchi nyingine. Leza zimeondoa adha hiyo. Ndani ya lile sanduku lililoko maabara yenu mna chumba kidogo chenye vioo vinavyorudisha mwanga karibu wote, kiasi kwamba miale inapita huku na huku mpaka imesafiri kilomita kadhaa ndani ya nafasi isiyozidi mkono wa mtu. Kila aina ya molekuli ya maji hufyonza rangi yake ya mwanga wa infraredi, na mashine inahesabu kila baada ya sekunde chache.

Waombe siku moja wawaruhusu wanafunzi kuangalia kwa karibu. Mdomo wa mrija umefunikwa kwa faneli iliyopinduliwa ili mvua isiingie, na kuna wavu mdogo wa kuzuia sami, wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi. Mrija wenyewe umeviringishiwa waya wa joto. Ukipoa, mvuke utaganda ukutani mwake, na unajua sasa nini hugandia kwanza. Mara kwa mara mtasikia vali inabadilika. Hapo mashine inanyweshwa maji ya kipimo kinachojulikana, ili isianze kutoa namba za kwake. Data ya mvuke isiyosahihishwa namna hii haina thamani, hata ikiwa na grafu za kupendeza. Adui mwingine ni umeme. Ukikatika, vali zikabaki wazi na mrija ukapoa, kinachofuata ni saa nyingi za namba za kutupa. Mkiombwa kuangalia betri, msidharau kazi hiyo.

Vipo pia vipimo vya kutoka angani. Setilaiti ya Aura, iliyorushwa mwaka 2004, ilibeba chombo kiitwacho TES ambacho kiliweza kuona dyuteriamu ya mvuke kilomita kadhaa juu ya ardhi. Kutoka huko ndiko ninakotaka kukujibu kuhusu miti.

Mwaka 1979 Eneas Salati na wenzake wa Brazil walifuata mvua ya Amazon kutoka pwani ya Atlantiki kuelekea bara. Kwa hesabu ya lori linaloshusha tu, mvua ilipaswa kuwa nyepesi sana ikifika ndani. Haikuwa hivyo, namba zilishuka polepole mno. Kuna kitu kilikuwa kinapakia tena njiani, nacho kilikuwa mvuke wa msitu wenyewe. Mwaka 2017 kundi jingine likatumia vipimo vya TES kuonyesha kwamba kusini mwa Amazon, wiki kadhaa kabla ya msimu wa mvua kuanza, mvuke wa angani unajaa dyuteriamu kiasi ambacho bahari haiwezi kueleza. Msitu unatoa mvuke, mvuke unalainisha anga, na mvua inaanza mapema kuliko vile pepo za baharini peke yake zingeiwezesha.

Kwa hiyo ndiyo, msitu hulisha mvua, na isotopu ni miongoni mwa ushahidi bora tulio nao. Lakini sikiliza vizuri umbali unaozungumzwa. Ni msitu wa mamilioni ya kilomita za mraba, na mvuke unaobebwa mamia ya kilomita kabla ya kunyesha. Miti ya kata moja hairudishi mvua kwenye kata hiyohiyo. Upepo wenu unatoka mashariki. Mvuke wa miti ya Muleba una nafasi kubwa zaidi ya kunyesha Karagwe, au Rwanda, au Burundi, kuliko kurudi shambani kwenu. Afrika Mashariki kwa ujumla suala hili bado lina mjadala. Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake ni nzito kiisotopu kuliko inavyotarajiwa kwa mwinuko huo. Wapo watafiti wanaoona humo alama ya mvuke uliorudishwa na mimea na vinamasi vya upande wa Kongo na Sudd, kinamasi kikubwa cha Sudan Kusini. Wengine wanatafuta maelezo kwenye Bahari ya Hindi na jinsi mvua yenyewe inavyoundwa. Miti ipandeni. Inashika udongo wa miteremko yenu, inatunza chemchemi, inatoa kivuli na kuni. Ila mkutanoni usimwahidi mkulima milimita za mvua kwa idadi ya miche, maana mwaka wa ukame ukija atakuja kukudai wewe.

Kisima chenu ndicho swali rahisi kuliko yote, na ajabu ni kwamba halihitaji mvuke hata kidogo. Maji ya ziwa ni mazito na yametoka nje ya mstari wa Craig; maji ya mvua yamo karibu na mstari. Kisima kinachonywa ziwa kitaonekana katikati ya hizo mbili, na mahali kilipokaa panakuambia takriban kiasi cha mchanganyiko. Kwa kawaida maji ya ardhini huteremka kuelekea ziwani, kwa hiyo hata kwa mita mia mbili ningetarajia mvua. Hali hubadilika pale kisima kinapovutwa kwa pampu kubwa mpaka usawa wake ukashuka chini ya usawa wa ziwa. Hapo ziwa linaweza kurudi nyuma na kuingia.

Mkitaka kupima, chukueni sampuli tatu: ya kisima, baada ya kuvuta maji kwa muda ili yaliyosimama yaondoke, ya ziwa, kutoka majini wazi kwa mtumbwi, mbali na mafunjo na midomo ya mito, na ya mvua, mkikusanya mwezi mzima ndani ya chupa kubwa. Tumieni chupa ndogo zenye kifuniko kinachokaza, zijazwe mpaka juu pasibaki hewa, ziandikwe tarehe na mahali. Msitie dawa wala msihangaike na jokofu. Kinachoharibu ni kukauka tu. Chupa ya mvua iliyojaa nusu na kulegea kifuniko, ikikaa dirishani wiki moja, itasogea nje ya mstari kwa njia ileile ya maji ya ziwa, nanyi mtabishana mwaka mwingine. Waulizeni watafiti kama wanaweza kuzipima pamoja na zao. Kwao ni kazi ndogo.

Ila isotopu hazisemi kama maji ni salama. Zinasema yalikotoka, basi. Maji ya mvua tupu yaliyopita karibu na choo yatakaa vizuri kabisa kwenye mstari huku yakiua watu kwa kuhara. Usafi wa kisima unapimwa na maabara ya maji, kwa vijidudu na kemikali, na njia ya kuanzia ni ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini. Maji yakibadilika rangi, harufu au ladha, au watoto kadhaa wakaugua tumbo kwa wakati mmoja, acheni kuyanywa na mwende huko na kituo cha afya siku hiyohiyo, msisubiri jibu la mtu wa mbali kama mimi. Na kama kuna mpango wa kufunga pampu kubwa au kuchimba kisima kingine karibu na ufukwe, Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria inapaswa kuhusishwa tangu mwanzo. Mtaalamu wa maji ardhini akikanyaga eneo lenyewe ataona mteremko, miamba na vyoo vya jirani. Mimi hayo siyaoni nikiwa hapa.

Watafiti wakirudi, wabane kwa maswali ya kitaalamu, wakujibu mbele ya darasa: mashine inasahihishwa mara ngapi kwa siku na kwa maji ya kipimo gani, wamechota ziwa sehemu ngapi, na shule itapata lini nakala ya data. Ombeni hasa ya Juni mpaka Agosti, wakati wa kiangazi, chupa za mvua zikipata kidogo. Mvuke upo hewani hata siku hizo, na kwa kuwa mvua ni chache za kuvuruga namba, hapo ndipo upepo wa ziwani unapoonekana waziwazi kwenye grafu, saa kwa saa.